Unakwenda kusomea kilimo? Jipange kabla ya masika

Ukishapata nafasi ya kusomea kilimo, usikimbilie kununua shuka na ndoo. Hizo utazikuta kwenye maduka ya nje ya geti la chuo. Yapo mengine yasiyouzwa pale, na mengi yake yanatakiwa yawe tayari kabla mvua haijaanza.

Kwanza jua unakwenda kusoma nini. Anayetaka botania yenyewe, mmea na ukoo wake na maisha yake, aangalie Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayetaka shahada ya kilimo aangalie SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Anayetaka astashahada au stashahada ili awe bwana shamba au bibi shamba mapema, vipo vyuo vya kilimo vya serikali viitwavyo MATI: Uyole, Ilonga, Ukiriguru, Mlingano na vingine. Kote huko baiolojia na kemia hazikwepeki. Na ninyi mliochagua kilimo ili muachane na hesabu, poleni. Takwimu zinawasubiri, na nimeona zikigawa sapu, ile mitihani ya marudio, kama njugu.

Vitu vya kubeba ni vichache. Gambuti, ovaroli, kofia pana, mkasi wa kupogolea, lenzi ndogo ya mkononi ya kukuza mara 10. Daftari la mfukoni na penseli. Kalamu iache bwenini, wino ukilowa unasambaa. Chanjo ya pepopunda uwe umeshachoma. Akiba ya chakula na nauli pia, maana bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa tumbo halichelewi.

Waambie nyumbani mapema kwamba kuna Pasaka hutaonekana. Ukipewa kitalu cha nyanya, kinamwagiliwa hata Jumapili, na viwavijeshi wakiingia kwenye mahindi yako hawasubiri urudi kutoka harusini.

Sasa tuje kwenye hebariamu, na hapa naomba usome polepole. Ni mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa. Unatumwa kuokota magugu na mazao, unayabana, unayakausha, unayabandika kwenye karatasi nene na kuandika jina la kisayansi na familia ya kila mmoja. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya watoto wa darasa la tano. Basi kila mwaka watu wanaipuuza mpaka wiki ya mwisho.

Mwenzangu mmoja wa chumbani hakuwa mvivu hata kidogo. Alikusanya mapema, masika imechanganya, kila kitu kina maua. Tatizo lilikuwa panya. Bwenini kwetu walikuwa wanatafuna hadi sabuni, kwa hiyo akaona busara kuipanga mimea yake kwenye magazeti ikiwa bado mbichi, akaitia yote ndani ya ndoo ya plastiki, akabana mfuniko, akaenda kwao likizo. Aliporudi akaifungua ndoo mbele yetu kwa fahari. Harufu ndiyo iliyotangulia. Magazeti yalikuwa yameshikamana na ukungu mweupe na mweusi, majani yamedondoka kwenye vikonyo, na kile kidogo kilichopona hakikuwa na maandishi yoyote. Alikuwa amepanga kuandika baadaye, akiamini atakumbuka.

Akatoka kutafuta upya. Lakini masika ilikuwa imekwisha, mashamba yamekauka, trekta la chuo limeshapita kwenye magugu yote. Akazunguka kwenye mifereji ya umwagiliaji akapata ndago na kishona nguo, zaidi ya hapo hola. Ndipo akauziwa mkusanyiko wa mtu wa mwaka wa juu, akabandika vibao vipya vyenye jina lake na maneno "shamba la chuo". Ndani yake kulikuwa na pareto. Chuo chenyewe kiko bondeni kwenye joto, na pareto ni zao la milimani kwenye baridi. Mwalimu akaishika ile karatasi, akamwomba kwa upole sana ampeleke akaone hilo shamba. Somo likarudiwa masika iliyofuata.

Kwa hiyo fanya hivi. Anza kukusanya mvua za kwanza zikishaotesha, na uchukue mmea wenye ua au tunda. Nyasi isiyo na suke itakutoa jasho kuitambua. Mimea midogo ing'oe na mizizi, ndago na viazi vyake vya chini. Ipange ndani ya gazeti siku hiyo hiyo, jani moja ligeuzwe ili mgongo wake uonekane. Weka maboksi yaliyokatwa katikati ya magazeti, funga kwa kamba, kandamiza kwa kitu kizito, na uweke panapopita hewa. Magazeti yabadilishwe kila siku katika siku za mwanzo. Hapo ndipo watu wanapochoka, na hapo ndipo ukungu unapoingia. Papo hapo shambani andika namba, tarehe, mahali, mwinuko, aina ya udongo na rangi ya ua, kwani ua likikauka rangi hubadilika. Jina la kienyeji muulize mwenye shamba, na matumizi yake pia. Ukikuta kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, kwenye mahindi, kichimbe polepole uone kilivyoshika mzizi wa hindi. Swali hilo la mtihani hutalikosa.

Mengine ni ya kujihadhari tu. Upupu uujue kwa macho kabla hujaujua kwa ngozi. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni hospitali, usingoje kesho. Chupa za viuatilifu zina mstari wa rangi: nyekundu ni sumu kali kabisa, inafuata njano, kisha bluu, kisha kijani, na hiyo kijani nayo si ya kupulizia bila glavu na barakoa. Usionje tunda la porini kwa sababu ndege analila. Kwenye nyasi ndefu tanguliza fimbo. Hifadhi ya msitu haiingiwi na mkasi bila kibali, hata kama mlima unauona kutoka dirishani kwako. Shamba la mtu lina mwenyewe, piga hodi. Na ukikuta mbuyu umefungwa kitambaa, usikate hata jani moja. Kamtafute mzee wa mtaa kwanza.