Kulea panya peke yake: jinsi ya kuandaa jaribio la upweke na kemia ya ubongo

Panya wa maabara anayetengwa tangu anapoachishwa kunyonya hukua na ubongo tofauti na wa ndugu yake aliyelelewa na wenzake. Dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, humwagika kwa wingi zaidi katika nyukliasi akambensi, sehemu ya ndani inayohusika na hamu na tuzo, na mfumo wa serotonini, kemikali nyingine ya aina hiyo, nao huyumba. Ugumu wa kazi hii ni kuhakikisha unachopima ni upweke, si njaa, joto wala hofu. Nawaandikia wanafunzi wa uzamili wanaoianza hapa Dodoma.

Hatua ya 1: Kibali. Soma Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kisha upeleke andiko kwa kamati ya maadili ya chuo chako. Unamnyima kiumbe mchanga wenzake, kwa hiyo eleza sababu na uombe idadi ndogo kabisa inayotosha.

Hatua ya 2: Chumba. Joto liwe nyuzi 20 hadi 24, unyevu asilimia 40 hadi 70. Hapo kwenye unyevu ndipo Dodoma inapotusumbua. Kiangazi hewa hukauka mno, na panya wachanga katika hewa kavu hupata mikunjo kama pete mkiani. Mkia huweza hata kukatika. Mnyama mwenye maumivu hayo ana homoni za msongo zisizohusiana na swali lako. Weka mabeseni mapana ya maji, tundika vitambaa vilivyolowa, soma kipimo cha unyevu asubuhi na jioni. Tandika maranda ya mbao isiyopakwa dawa. Taa ziwake kwa muda wa saa 12 na kuzimwa kwa muda wa saa 12, kwa swichi ya kujiendesha.

Hatua ya 3: Kugawa. Siku ya 21 tangu kuzaliwa, watenganishe na mama. Watoto wa mama mmoja wasiangukie wote upande mmoja! Michael Meaney na wenzake kule Montreal walionyesha kwamba watoto wanaolambwa sana na mama hukua na mwitikio mtulivu zaidi wa msongo. Ukiwatenga watoto wote wa mama mmoja, utapima malezi ya mama ukidhani ni upweke. Kutoka kila mzao, yaani watoto waliozaliwa pamoja na mama mmoja, wengine wakae peke yao, wengine watatu au wanne kwa keji, jinsia moja.

Hatua ya 4: Wiki sita hadi nane. Aliyetengwa abaki chumba kilekile, awasikie na kuwanusa wenzake. Anachokosa ni kuguswa na kucheza, na wiki za mwanzo baada ya kuachishwa ndizo za michezo mingi. Saa moja tu ya kucheza kila siku hupunguza athari, kwa hiyo usiwachanganye hata wakati wa kuosha keji. Kuwashika nako kuwe kidogo, sawa kwa makundi yote, na mtu yuleyule. Pima uzito kila wiki.

Umri una uzito mkubwa hapa. Mwaka 2012 watafiti wa Boston waliripoti kwamba wiki mbili za kutengwa mara baada ya kuachishwa ziliharibu utando wa mailini, unaofunika nyuzi za neva, katika gamba la mbele la ubongo wa panya wa aina ndogo (mice), na kurudishwa kwa wenzao hakukuurekebisha. Waliotengwa baadaye hawakupata madhara hayo. Matokeo haya yananiuma kila nikiyasoma, na ndiyo yanayonifanya nisisitize tarehe.

Hatua ya 5: Tabia. Mweke kwenye uwanja wa wazi asioujua, yaani boksi pana lisilo na kitu ndani. Waliotengwa kwa kawaida hukimbia zaidi. Wapumzishe siku kadhaa kabla ya hatua inayofuata, kwani jaribio lenyewe hugusa homoni.

Hatua ya 6: Ubongo. Fanya kazi asubuhi, saa zilezile, maana kotikosteroni, homoni ya msongo ya panya, hupanda giza likikaribia. Pokezanisha: mmoja aliyetengwa, mmoja wa kikundi. Chukua sampuli haraka juu ya barafu, gandisha, hifadhi nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika bila jenereta, kazi yote imepotea. Nitrojeni ya kimiminika iwepo tayari.

Dopamini iliyomo kwenye tishu haikuambii iliyomwagwa. Pima pia DOPAC na HVA, kemikali zinazobaki dopamini ikivunjwa, uangalie uwiano wake na dopamini. Katika takwimu, ingiza mzao kama kigezo, na kabla ya kuandika kwamba umeona athari ya upweke, linganisha uzito na hali ya mikia ya makundi yote mawili.