Jinsi ya kusoma kiwango cha XML unapopima kichanganuzi

Nilipoanza kazi hii, kwenye ofisi moja Sinza, niliripoti hitilafu ambayo haikuwepo. Duka moja la Kariakoo lilikuwa likitutumia risiti za XML (namna ya kuandika data kwa alama za majina), na anwani ya mteja ilikaa ndani ya sifa (thamani yenye jina ndani ya alama, kama `namba="7"`) kwa mistari miwili: "Mtaa wa Msimbazi" juu, "Kariakoo" chini. Kichanganuzi chetu, yaani programu inayosoma XML, kikatoa mstari mmoja. Nikaandika kwamba kinameza mistari. Kaka mmoja wa timu akasoma ripoti, akaniuliza, "Mdogo wangu, 3.3.3 umeisoma?" Alimaanisha kifungu cha kiwango, hati rasmi ya kanuni za XML. Sikuwa nimekisoma. Tangu hapo sifungui tiketi (ripoti ya hitilafu) bila namba ya kifungu.

Hatua ya 1: kubalianeni toleo. XML 1.0 ilitoka Februari 1998, lakini toleo la 5, la Novemba 2008, lilipanua herufi zinazoruhusiwa kwenye majina ya elementi (sehemu za faili zenye alama zake, kama `risiti`) na sifa. Faili linaloangushwa na toleo la 4 linaweza kupita kwenye la 5. Katika majaribio ya W3C, shirika lililotoa kiwango hiki, yanayohusu matoleo fulani tu yamewekewa alama. Iangalie kabla ya kulaumu mtu.

Hatua ya 2: tenganisha faili bovu na faili batili. Bovu limevunja sarufi ya XML. Batili lina sarufi safi ila halifuati DTD yake, yaani maelezo ya muundo ambao faili linapaswa kuwa nao. Kichanganuzi kisichokagua uhalali kikilipokea faili batili, hakijakosea. Bovu ndilo halina msamaha:

`<risiti namba="7" namba="7"/>`

Thamani ni ile ile, lakini sifa imerudiwa, na hilo ni "fatal error": kichanganuzi lazima kiliripoti, na hakiruhusiwi kuendelea na kazi kama kawaida. Kwa upande mwingine, `<bei>a > b</bei>` ni sawa kabisa. Wageni wengi hudhani alama `>` lazima ifichwe. Inayokatazwa peke yake kwenye maandishi ni `<`, pamoja na `&` tupu na mfuatano `]]>`.

Hatua ya 3: fuata mpangilio wa vifungu. Hapa ndipo nilipoteleza, kwa hiyo nitakawia kidogo. Faili la duka lilitengenezwa kwenye Windows, na mwisho wa mstari kule ni herufi mbili zisizoonekana: CR (namba 13) na LF (namba 10). Kifungu 2.11 kinafanya kazi kwanza, kabla ya uchanganuzi wenyewe: CR na LF zikifuatana zinakuwa LF moja. Kisha 3.3.3 inageuza hiyo LF iliyo ndani ya sifa kuwa nafasi. Jibu sahihi basi ni nafasi moja:

`Mtaa wa Msimbazi Kariakoo`

Ukiona nafasi mbili, hapo una hitilafu ya kweli: kichanganuzi kimeruka 2.11. Sasa badilisha jaribio. Andika `&#13;&#10;` mahali pa kuvunja mstari. Safari hii herufi zote mbili zinabaki kama zilivyo, kwa sababu zimeandikwa kwa namba. Halafu tangaza sifa hiyo kuwa NMTOKENS (orodha ya maneno yaliyotenganishwa kwa nafasi) kwenye DTD iliyo ndani ya faili, ukiwa umerudisha mstari wa kawaida na kuongeza nafasi kadhaa kati ya maneno: nafasi za mwanzo na mwisho zinakatwa, zilizorundikana zinakuwa moja. Hata kichanganuzi kisichokagua uhalali lazima kifanye hivyo.

Usilinganishe kwa macho. Skrini haitakuonyesha CR. Pitisha matokeo kwenye amri ya `od -c`, inayoonyesha kila baiti, usome.

Hatua ya 4: pale kiwango kinapotoa hiari, usihukumu. Mbali na "fatal error", kuna "error" tupu, ambayo kichanganuzi kina hiari ya kuiripoti au kuinyamazia. Mfano ni muundo huu kwenye DTD:

`((jina, simu) | (jina, anwani))`

Kichanganuzi kikikutana na `jina` hakijui kipo upande gani. Kifungu 3.2.1 kinaita hilo "error". Kimoja kitalalamika, kingine kitapita kimya, na vyote viwili viko ndani ya kanuni. Entiti za nje (vipande vilivyohifadhiwa nje ya faili lenyewe) pia: kisichokagua uhalali hakilazimiki kuzisoma. Kwenye jedwali langu majaribio haya yana safu yake, "hiari", na hayaingii kwenye hesabu ya waliofeli. Bosi wangu alinuna mara ya kwanza, alitaka kuona kijani na nyekundu tu.

Hatua ya 5: andika tiketi. Mistari minne inatosha: faili dogo kuliko yote linaloonyesha tatizo, baiti ulizopata, baiti ulizotarajia, na sentensi ya kiwango pamoja na namba ya kifungu na toleo. Mstari wa nne ukikushinda kuujaza, usitume tiketi bado.