Kabla hujasimama mbele ya jaji Texas

Soma karatasi uliyoletewa, hadi upande wa nyuma. Ina namba ya kesi, jina la mahakama na siku ya kufika. Usipoelewa, mpigie karani. Karani atakupa tarehe na fomu, lakini ushauri wa sheria hatakupa hata ukimlilia.

Jua umeitwa mahakama gani. Huku hakuna ngazi moja kama ile tuliyoizoea Tanzania, kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi ya Rufani. Serikali ya shirikisho ina mahakama zake, na kila jimbo kati ya yale 50 lina zake. Texas yenyewe ina mahakama mbili za juu kabisa, moja ya madai, nyingine ya jinai. Majaji tisa wa Washington unaowaona kwenye taarifa ya habari hawana habari na kesi yako ya kodi ya nyumba.

Ukidaiwa deni, hiyo ni kesi ya madai: hufungwi, ila usitegemee serikali ikupe wakili wa bure. Kwenye mahakama ndogo za Texas, zinazosikiliza madai yasiyozidi dola 20,000, una siku 14 za kujibu kwa maandishi tangu ukabidhiwe samansi. Ukinyamaza, aliyekushtaki anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja na akapewa. Wengi wetu tunashindwa kwa namna hiyo, bahasha ikiwa juu ya friji.

Jinai ni habari nyingine. Makosa madogo wanayaita misdimina, na kwa kawaida kifungo chake hakizidi mwaka mmoja. Makubwa ni feloni. Kwa polisi sema jina lako na kwamba unataka wakili, basi. Maelezo marefu ya kiungwana yaache nyumbani.

Mkalimani muombe mapema, na useme Kiswahili chako ni cha wapi. Nimeshuhudia mama wa Bukavu akikalimaniwa kwa simu na mtu wa pwani. Walipishana hadi jaji akaahirisha kesi.

Sasa hili la kukiri kosa. Hapa kaa chini.

Nilikamatwa dukani, kwenye zile mashine za kujilipia mwenyewe. Bidhaa ambazo hazikupita kwenye mashine zilifika dola 140. Mtoto analia, simu inaita, mimi nimechoka na zamu ya usiku. Hayo yote hayakuandikwa popote. Kwa Texas, wizi wa kuanzia dola 100 hadi chini ya 750 unaweza kukupeleka jela hadi siku 180. Nilipewa wakili wa mahakama, kijana mpole mwenye mafaili mengi mkononi. Akaniambia mwendesha mashtaka ana ofa: nikiri, jaji asinitie hatiani, niwe chini ya uangalizi miezi sita, nifanye kazi za kijamii, kisha kesi ifutwe. Mimi kichwani nina mahakama za nyumbani, ambako ukikiri na kuomba hakimu akuhurumie unarudi kula chakula cha mchana kwako. Nikakiri, tena nikaongeza samahani. Miezi sita ikapita, kesi ikafutwa, nikachinja kuku.

Miaka mitatu baadaye nikaomba uraia. Fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, na inasema wazi ujibu hata kama kesi ilifutwa. Sikuisoma hiyo sehemu. Nikajaza hapana. Siku ya usaili ofisa akaniuliza tena, nikiwa nimeapa, nikasema hapana kwa sauti. Alikuwa na alama zangu za vidole mezani.

Wakili wa uhamiaji niliyemtafuta baadaye, na kumlipa, ndiye aliyenifungua macho. Kwa sheria ya uhamiaji, ukikiri kosa na jaji akakupa adhabu au masharti yoyote, hiyo ni hatia, hata jimbo likiifuta. Wizi ule mmoja ungeweza kujadiliwa. Uongo chini ya kiapo ndio ulioninyima uraia, na ada haikurudi. Tangu kesi ya Padilla, iliyoamuliwa na wale majaji tisa wa Washington mwaka 2010, wakili wa jinai anawajibika kukueleza hatari ya kufukuzwa nchini kabla hujakiri. Wangu hakunieleza. Na mimi sikumwambia kuwa si raia. Alidhani tu ni raia, kwa vile Kiingereza changu kilikuwa kizuri.

Kwa hiyo neno la kwanza kwa wakili wako, kabla hata ya salamu: mimi si raia. Kisha muulize ukikiri, uhamiaji wataisomaje. Kesi ikiisha, nenda kwa karani uchukue nakala ya uamuzi yenye muhuri, mbili, moja uifungie.

Mwenye muhuri wa notari, yule anayethibitisha nyaraka, usimgeuze wakili. Kwetu Tanzania notari ni wakili. Huku si lazima, na wapo wanaojaza fomu za watu kwa dola 300 halafu hawapatikani. Mahakama ya uhamiaji nayo iko chini ya Wizara ya Sheria, na huko wakili unajilipia.

Usikose tarehe. Kwenye jinai jaji hutoa hati ya kukamatwa, nawe unakuja kuijua barabarani, taa ya nyuma ikiwa imeungua. Fika mapema, kuna foleni ya ukaguzi mlangoni. Kisu cha matunda kitoe kwenye mkoba. Simu zima. Watoto waachie jirani, na maegesho yalipie ya siku nzima.