Jeni iko wapi? Anza na tumbo la mbu

Wanafunzi wanaokuja maabara yetu kutafuta jeni ya mbu iko sehemu gani ya kromosomu wote huulizia hadubini kwanza. Mimi huwapeleka kwenye vizimba vya mbu.

Jike la Anopheles gambiae, mbu anayeeneza malaria, mlishe damu saa kumi na mbili jioni, umchukue kesho yake saa moja usiku, yaani baada ya saa 25 hivi. Tumbo litakwambia: damu iliyobaki imekuwa nyeusi na kujikusanya mbele, nyuma kumeshakuwa kweupe kwa mayai. Wakati huo seli lishi za ovari, yaani zile zinazolisha yai linapokua, zimerudufu DNA mara nyingi bila kugawanyika, ndiyo maana kromosomu zake ni nene, zina pingili za giza na mwanga. Niliwahi kuwaacha mbu 30 hadi alfajiri. Seli lishi zilikuwa zimechakaa, nikawatupa wote.

Toa ovari, zitie kwenye ethanoli sehemu 3 na asidi asetiki sehemu 1, iliyochanganywa siku hiyohiyo, kisha ziweke kwenye friza.

Kupasua ndiko kunakotaka mkono. Weka kipande cha ovari kwenye tone la asidi propioniki ya asilimia 50, tenganisha vifuko vya mayai kwa sindano mbili, halafu subiri. Vitavimba na kuwa kama sago iliyoiva. Funika kwa kioo chembamba, gongagonga kwa kifutio cha penseli kuanzia katikati. Kioo kisiteleze hata kidogo. Kikiteleza, mikono ya kromosomu hukatika.

Sasa ndiyo hadubini. Tafuta mikono mitano ya kromosomu (namba ni ya kromosomu, R ni mkono wa kulia, L wa kushoto): X mfupi, 2R mrefu kuliko yote, 2L, 3R na 3L. Kwenye 2L angalia kama kuna kitanzi. Kikiwepo, mbu huyo ana mpangilio wa kawaida kwenye kromosomu moja ya jozi, na kwenye ya pili ana mgeuko wa 2La, yaani kipande cha mkono huo kilichogeuzwa kinyume. Uandike kabla ya kuendelea, la sivyo mfuatano wa jeni utausoma kinyume.

Gandisha slaidi kwenye nitrojeni kimiminika, bandua kioo kwa wembe, kausha kwa ethanoli. Weka kipande cha DNA ya jeni yako chenye Cy3, rangi inayong'aa nyekundu, ili kijishikize pale jeni ilipo; kilale usiku kucha kwenye nyuzi 39 za Selsiasi, pahali penye unyevu. Asubuhi osha, tia DAPI, rangi ya buluu inayoonyesha kromosomu nzima.

Nukta nyekundu moja usiiamini. Ikiangukia pingili ileile kwenye viini vya seli kumi vya mbu tofauti, fungua ramani ya kromosomu yenye vigawe 46, uandike namba yake.