Andaa kompyuta na akaunti kabla ya kufunga ruta

Somo hili nimeliandika kwa sababu swali la "nimefunga ruta, intaneti ikapotea" limenichosha. Ruta ni kifaa kinachogawa intaneti moja kwa vifaa vingi. Linawahusu wenye intaneti ya faiba au kebo iliyokuwa ikiingia moja kwa moja kwenye kompyuta.

1. Hakikisha intaneti inafanya kazi kabla hujagusa chochote.

2. Nakili taarifa za akaunti kwenye karatasi, wala si ndani ya kompyuta. Fungua dirisha la amri la Windows, andika ipconfig /all, kisha unakili anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao), lango ("Default Gateway", njia ya kutokea mtandaoni) na DNS (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba), pamoja na anwani ya MAC, yaani kitambulisho cha kifaa chenyewe, ambayo Windows huiita "Physical Address" na ina herufi na tarakimu 12. Baadhi ya kampuni za intaneti huifunga akaunti kwa MAC ya kifaa cha kwanza, na ruta mpya ikija na MAC yake hukataliwa hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Ama uiombe kampuni iisajili ruta, ama uinakilishe MAC ya kompyuta kwenye ruta. Kama unaingia kwa PPPoE, yaani muunganisho unaodai jina la mtumiaji na nenosiri, kuwa mwangalifu zaidi: nenosiri kwenye kompyuta huonekana kama nukta tu, na ukiufuta muunganisho huo hutalipata tena. Ipigie kampuni simu kwanza, uandikiwe jina la mtumiaji na nenosiri, ndipo ufute.

3. Iweke kompyuta ipokee anwani ya IP na DNS yenyewe.

4. Zima modemu (kisanduku kinacholeta intaneti ya kampuni), chomeka kebo yake kwenye tundu la WAN la ruta (la kuingizia intaneti) na kompyuta kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani). Washa modemu, subiri taa zitulie, kisha washa ruta.

5. Fungua kwenye kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya ruta, ingiza taarifa za hatua ya 2, na ubadilishe nenosiri la msimamizi siku hiyohiyo.

Swali (msomaji wa Mbale, Uganda): Nimefanya yote, haikubali.

Jibu: "Yote" ni yapi, ndugu? Akaunti yako ni ya PPPoE au siyo? Rudi hatua ya 2.

Swali (Mbale): Sina muda wa kusoma yote hayo.

Jibu: Nami sina muda wa kuyaandika upya.

Swali (Jinja): Samahani mwalimu, modemu yangu nayo inatoa Wi-Fi, na anwani yake ni 192.168.1.1 sawa na ya ruta. Je, zitagongana?

Jibu: Umeuliza vyema, dada. Zitagongana, kwa kuwa ruta itaona mtandao uleule pande zake zote mbili na haitajua data ipelekwe wapi. Ibadilishe ruta iwe 192.168.2.1, au uiombe kampuni iiweke modemu katika hali ya daraja ("bridge mode", yaani ipitishe intaneti tu), ili kazi ya kugawa anwani ifanywe na ruta peke yake.

Swali (Gulu): Na umeme ukikatika?

Jibu: Betri ndogo ya akiba hutosha modemu na ruta, lakini soma volti kwenye adapta ya kila kimoja kabla ya kuchomeka. Ruta ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiunguza.