Kabla ya Kupima Usomaji na Uandishi wa Kiingereza kwa Anayejifunza kama Lugha ya Pili

Kosa lililomo kwenye karatasi ya mtihani likishagawiwa darasani halirudi tena. Linageuka alama, na alama inageuka uamuzi juu ya mtu. Ndiyo maana maandalizi yanastahili muda mwingi kuliko usahihishaji wenyewe.

Anza na huo uamuzi. Matokeo yatatumika kumpangia mwanafunzi darasa, kujua anakwama wapi, au kuthibitisha kwamba amefikia kiwango fulani? Jaribio la kupanga madarasa linataka maswali yanayopanda kutoka mepesi hadi magumu. La kutafuta tatizo linataka maswali mengi juu ya stadi moja, kwa sababu maswali mawili ya nyakati za vitenzi hayathibitishi lolote: moja kati ya hayo huweza kupatikana kwa bahati tu. La kuthibitisha kiwango lifungwe kwenye vigezo vilivyoandikwa. Vinavyotumika sana ni vile vya Baraza la Ulaya vilivyochapishwa mwaka 2001, vyenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2. Usiishie kuandika "B1" juu ya karatasi. Andika mtu wa ngazi hiyo anaweza kufanya nini, kwa mfano kutunga habari fupi inayoshikamana juu ya jambo analolijua, kisha kila swali ulipime kwa maneno hayo.

Mjue pia unayempima. Anasoma katika lugha yake ya kwanza? Kwa hati gani? Mtu aliyezoea vitabu vya Kiarabu au Kichina na mtu ambaye hajawahi kujifunza kusoma wanaweza wote kupata sifuri kwenye karatasi ileile. Wa kwanza anahitaji kuzoea herufi za Kilatini. Wa pili anahitaji kufundishwa kusoma kwenyewe. Alama haitakuonyesha tofauti hiyo, kwa hiyo uliza mapema, na uulize kuhusu macho pia.

Kifungu cha ufahamu ndicho kinachoharibu majaribio mengi. Utafiti wa msamiati unaonyesha kwamba msomaji huhitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100 ili aelewe bila msaada. Kwa kifungu cha maneno 200, hiyo ni nafasi ya maneno manne tu mageni. Wape wanafunzi wa kiwango kilekile, lakini si wale utakaowapima, wapigie mstari maneno wasiyoyajua, kisha uhesabu.

Halafu wape watu wawili au watatu maswali bila kifungu. Swali kama "Why did the farmer bring the goats inside before the storm?" lenye jibu "to keep them safe" halihitaji kusoma chochote, akili ya kawaida inatosha. "Who noticed the dark clouds first?" linamlazimisha mtu arudi kwenye kifungu. Maswali ya aina ya kwanza yatupe bila huruma. Kumbuka pia hesabu ya kubahatisha: maswali 40 yenye machaguo manne humpa anayebahatisha wastani wa alama 10, na ya kweli au si kweli humpa 20. Anayepata 12 kwenye yale ya kuchagua hajaonyesha kwamba anasoma.

Lugha ya swali iwe nyepesi kuliko ya kifungu. Na amua mapema jambo hili, maana hapa ndipo wanafunzi wengi huonewa: kwenye ufahamu, jibu lililoandikwa kwa sarufi mbovu lakini likaonyesha kwamba mtu ameelewa lipewe alama zote. Sarufi ina sehemu yake kwenye uandishi. Ukiikatia alama huku na kule, umemwadhibu mara mbili kwa kosa moja, na alama ya usomaji imeacha kueleza usomaji. Kwa anayeanza, hata kumruhusu ajibu kwa lugha yake ni sawa.

Ukipima kwa kusoma kwa sauti, tumia kifungu cha maneno kama 100. Walimu wengi huchukulia usahihi wa 95% na kuendelea kuwa kifungu chepesi, 90 hadi 94 kinafaa kufundishia, chini ya 90 ni kigumu mno. Lafudhi si kosa. Anayetamka "ship" kama "sheep" kwa sababu lugha yake ina sauti moja tu ya "i" amelisoma neno. Anayesema "shop" hakulisoma. Aliyejisahihisha mwenyewe usimhesabie kosa. Akimaliza, mwambie asimulie alichosoma, kwani wako wanaotiririka vizuri bila kuelewa hata sentensi.

Kwenye uandishi, agizo la "andika kuhusu likizo yako" humwacha mtu ahangaike kutafuta la kusema badala ya kuandika. Taja anamwandikia nani, kwa nini, mambo gani yawemo na urefu gani: barua kwa mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja, limeanza lini, unataka afanye nini, maneno 80 hadi 100. Usitoe mada tano wachague, maana ugumu wake hautalingana. Kazi mbili fupi huonyesha mengi kuliko moja ndefu; IELTS yenyewe, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hutoa dakika 60 kwa kazi mbili, ya maneno 150 na ya 250, na ya pili ina uzito maradufu.

Mwongozo wa usahihishaji uwe tayari kabla ya siku ya mtihani, ukitenganisha kutimiza agizo, mpangilio, msamiati na sarufi. Kuhesabu makosa tu hupotosha. Tazama: "Yesterday my mother go to hospital becouse she have fever." Makosa matatu ya wazi, lakini maana imefika yote. "Mother yesterday fever hospital" haina hata kosa moja la tahajia, ila msomaji anabaki kukisia. Kalamu nyekundu peke yake humpendelea mwoga anayeandika sentensi fupi na kumkandamiza anayethubutu.

Wasahihishaji wawili wasahihishe karatasi kumi zilezile kila mmoja peke yake, majina yakiwa yamefichwa. Wakitofautiana zaidi ya ngazi moja, wakae wajadiliane, na karatasi zilizokubaliwa ziwe vielelezo vya nyingine.

Mwisho, lifanyie jaribio zima majaribio kwa wanafunzi 10 hadi 15. Swali walilokosa wenye uwezo na kulipata dhaifu mara nyingi lina majibu mawili sahihi, au ufunguo wa majibu umekosewa. Asubuhi ya mtihani hesabu kurasa za kila nakala, hakikisha saa inaonekana na kila mtu, na simu zote zikusanywe, maana programu ya tafsiri itakupa alama zake yenyewe.