Picha nyeusi na nyeupe kwa kamera ndogo ya mfukoni

Nilimpiga shangazi picha akiwa na blauzi nyekundu, kasimama mbele ya kichaka kibichi kabisa. Kwenye skrini ya kamera ule wekundu ulikuwa unawaka, nikajua leo nimepata. Jioni nikaiondoa rangi, na shangazi akatoweka. Blauzi na majani vilikuwa kijivu kilekile. Uliobaki ni uso na mikono miwili inayoelea.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba rangi zinazogombana machoni zitagombana pia zikishavuliwa. Katika picha nyeusi na nyeupe kinachohesabika ni kipi kinang'aa na kipi kimefifia. Njia ya kawaida ya kugeuza rangi kuwa kijivu huchukua takriban asilimia 59 ya mwangaza kutoka kijani, 30 kutoka nyekundu na 11 tu kutoka bluu. Kwa hiyo nyekundu kali na kijani cha majani yaliyokolea huweza kuangukia pamoja kabisa.

Dawa yake ni rahisi: iweke kamera kwenye hali ya nyeusi na nyeupe kabla ya kupiga, usingoje kufika nyumbani. Skrini itakuonyesha kijivu hapohapo, na vitu vikizama utasogea hatua mbili au utabadili mandhari ya nyuma. Kama kamera yako inaweza kuhifadhi RAW (faili ghafi, kama kamera ilivyolinasa) pamoja na JPEG (picha ya kawaida iliyokwisha kutengenezwa na kamera), chagua zote mbili. JPEG itakuwa nyeusi na nyeupe, RAW itabaki na rangi zake zote, na utazihitaji baadaye. Kamera yangu ya kwanza haikuwa na RAW. Nilikuwa naangalia kwa kijivu, nikipenda ninachokiona narudisha rangi, ndipo napiga. Ni usumbufu, lakini JPEG ikishatupa rangi haizirudishi.

Sasa mwanga. Kamera nyingi za aina hii zina kihisi, kile kibamba kinachonasa mwanga, cha milimita 6 kwa 4 na ushee, yaani hakifiki ukucha wa kidole cha mwisho. Kihisi kidogo hivyo huungua upesi: shati jeupe juani linageuka bapa tupu lisilo na mkunjo hata mmoja, na hakuna programu ya kuufufua. Tafuta kitufe chenye alama ya +/-, kinachopunguza au kuongeza mwangaza wa picha, ushuke hadi -0.7, au -1 jua likiwa kali. Kivuli ukikiinua (ukikiangaza) baadaye kitakuja na chenga, vile vidoadoa, lakini heri chenga kuliko weupe mtupu. Tena chenga zikikosa rangi hazichukizi. Zinafanana na punje za filamu za zamani. Mimi hupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 800 bila wasiwasi, na ndani ya nyumba hata 1600.

Flashi izime. Sina la kuongeza hapo.

Udhaifu mkubwa wa kamera ndogo ni kwamba haifichi mandhari ya nyuma. Kamera kubwa hutia ukungu nyuma ya mtu. Yako itaonyesha kila ndoo na kila waya. Usishindane nayo, tumia giza. Tafuta mlango ulio wazi wa chumba kisichowashwa taa, mtu asimame kizingitini, mwanga wa nje umpige kwa upande mmoja, nawe simama nje. Kamera ikipima mwanga wa uso wake, chumba chote nyuma kitazama kuwa cheusi, na zile ndoo zitazama nacho. Ili ipime uso, chagua upimaji wa nukta ya katikati (spot), elekeza usoni, bonyeza kitufe nusu, kisha bila kukiachia panga picha yako. Shangazi nilimrudia hivyo hivyo, na blauzi ileile. Safari hii ilikaa kijivu cha wastani mbele ya weusi, na kila kifungo kilionekana. (Yeye bado anaipenda ile ya rangi.)

Dirisha hufanya kazi hiyohiyo kwa ndani: mtu akae ubavuni mwa dirisha, asiligeuzie mgongo. Na usilikimbie jua la saa sita mchana kama tulivyofundishwa. Kwa rangi ni baya, lakini ngazi, uzio, baiskeli na matundu ya ukuta hutupa vivuli vyenye ncha, na mara nyingi kivuli kinapendeza kuliko chenyewe kilichokitupa. Piga kivuli.

Kuvuta kwa kidijitali kuzime kabisa, maana ni kukata picha tu na kuitanua. Hata kule kuvuta kwa lenzi, ukifika mwisho lenzi hupitisha mwanga kidogo na mkono hutikisa picha. Sogea kwa miguu.

Nyumbani, fungua RAW kwenye programu ya kuhariri picha na utafute vitelezi vya kila rangi, vile unavyosogeza kupandisha au kushusha mwangaza wake. Shusha bluu, anga itakuwa nzito na mawingu yatajitokeza. Ukizidisha, anga itajaa chenga na mistari, kwa hiyo ishie unapoanza kuifurahia. Rangi ya chungwa ndiyo inayogusa ngozi. Wengi huipandisha ili uso "ung'ae". Kwa ngozi nyeusi mimi siigusi: mng'ao wake uko kwenye shavu na paji la uso pale mwanga wa pembeni ulipotua, na ukiinua kila kitu sawasawa unaufuta.

Ukipeleka picha kuchapishwa, kumbuka skrini inawaka yenyewe na karatasi haiwaki. Pandisha mwangaza kidogo kuliko unavyopenda, chapisha moja ndogo kwanza, uiangalie karibu na dirisha, ndipo uagize kubwa.